Damu Haipimwi kwa Mizani Mbili

Kila mwenye bunduki anapomuua asiyekuwa nayo, kuna neno moja ambalo hutangulia kuwafikia watu kabla hata maiti haijaoshwa. Neno hilo ni "nilijihami". Nalo si neno dogo. Likikubaliwa, aliyeua hurudi nyumbani kwake na jina lake halina doa. Likikataliwa, husimama kizimbani akajibu shitaka la kumwaga damu.

Ndugu msomaji, haki ya kujihami hatuibishii. Hakuna sheria ya dini wala ya serikali iliyomtaka mtu akunje mikono ilhali anachinjwa. Swali letu ni jingine. Neno hilo likishatamkwa, nani analipima? Linapimwa mbele ya nani? Na je, mizani inayolipima ni moja kwa tajiri na kwa fukara, kwa Mzungu na kwa Mwafrika, kwa askari na kwa kijana anayeokota mawe?

Hapa Mwanza, kuanzia Makoroboi hadi Mwaloni Kirumba, mjadala huu aghalabu huchukua sura ya rangi. Wapo wasemao kwamba Mzungu hata akiua hafungwi, na kwamba hapo ndipo maneno yaishie. Wapo wengine, na hawa aghalabu ni watu wa suti na ofisi, wasemao kwamba rangi ni kisingizio cha wavivu, kwamba sheria ni moja na haina macho. Tunasema kwamba kila kundi limeshika nusu ya jambo. Rangi ipo, nayo ina nguvu. Lakini rangi peke yake haitufikishi kwenye kiini cha dhulma hii, na anayeishia kwenye rangi atapitwa na dhulma nyingine inayotendeka mlangoni pake.

Yaliyotokea Soysambu

Tuanze kwa jirani zetu wa Kenya, kwa kuwa huko jambo hili lilionekana bila pazia. Tarehe 19 Aprili 2005, katika shamba la Soysambu ndani ya Bonde la Ufa, Thomas Cholmondeley, kitukuu wa yule Lord Delamere aliyekuwa kiongozi wa walowezi wa Kizungu, alimpiga risasi na kumuua askari wa Shirika la Wanyamapori la Kenya. Askari huyo hakuwa amevaa sare. Yeye na wenzake walikuwa katika kazi ya serikali, wakichunguza biashara haramu ya nyamapori. Cholmondeley alieleza kwamba alidhani amevamiwa na majambazi, naye akajihami.

Alishitakiwa kwa mauaji. Lakini mnamo Mei 2005, takriban mwezi mmoja tu baada ya kifo kile, Mwanasheria Mkuu wa wakati huo, Amos Wako, aliliondoa shauri mahakamani. Ushahidi haukusikilizwa, na neno la mshitakiwa halikupimwa na jaji hata mmoja. Lilipokewa ofisini, likatosha. Aliyeuawa alikuwa Mmasai, na Wamasai waliingia barabarani kwa hasira, wala hapakuwa na haja ya kuwauliza sababu.

Mwaka mmoja baadaye, tarehe 10 Mei 2006, katika shamba lile lile, bunduki ya mtu yule yule iliua tena. Safari hii aliyekufa alikuwa fundi mawe, aliyekuwa na wenzake na mbwa wao wa kuwindia. Cholmondeley alisema kwamba alikuwa akiwapiga risasi mbwa. Safari hii shauri halikuondolewa. Lilisikilizwa katika Mahakama Kuu ya Nairobi mpaka Mei 2009, ambapo alitiwa hatiani kwa kosa la kuua bila kukusudia, akahukumiwa kifungo cha miezi minane, baada ya kukaa mahabusu miaka mitatu. Alifariki mwaka 2016.

Sisi hatudai kwamba lau lile shauri la kwanza lingesikilizwa, mshitakiwa angelitiwa hatiani. Huenda angeliachiwa, na huenda angelistahiki kuachiwa. Tunadai jambo dogo kuliko hilo, nalo ndilo zito: kwamba mjane wa yule askari alikuwa na haki ya kumwona muuaji wa mumewe akiulizwa maswali hadharani, na kwamba haki hiyo alinyang'anywa. Tena tunauliza: je, mtu anayeona neno lake limetosha mara ya kwanza, ana sababu gani ya kuuogopa mkono wake mara ya pili?

Na wala tusisahau ardhi yenyewe. Soysambu ni shamba la takriban ekari 50,000, katika bonde ambalo Wamasai waliondolewa kwa mikataba waliyoandikiwa na Waingereza mwaka 1904 na mwaka 1911. Sheria ya Kanuni ya Adhabu ya Kenya nayo inasema kwamba kipimo cha nguvu za kujihami ni zile kanuni za sheria ya Kiingereza. Kwa hiyo mwenyeji akiuawa katika ardhi hiyo huitwa mvamizi, na kipimo cha kifo chake ni desturi iliyokuja na jahazi la yule aliyeitwaa. Anayesema kwamba rangi haimo katika habari hii, na atuonyeshe ilipojificha.

Mambo haya si ya Afrika pekee. Mwaka huo huo wa 2005, jimbo la Florida nchini Marekani lilipitisha sheria inayomwondolea mtu wajibu wa kurudi nyuma anapoona anashambuliwa, hata kama yuko njiani na ana pa kukimbilia. Februari 2012, katika mji wa Sanford jimboni humo, kijana mweusi wa miaka 17, Trayvon Martin, ambaye hakuwa na silaha, aliuawa kwa risasi na mtu aliyejitolea kulinda mtaa. Polisi walilipokea neno la kujihami wakamwacha aende zake. Zilipita zaidi ya wiki sita, na maandamano katika miji mingi, ndipo akashitakiwa. Julai 2013 jopo la raia sita lilimwachia huru. Wengi walikasirishwa na hukumu hiyo, nasi tunaelewa hasira yao. Hata hivyo kuna jambo moja la kuzingatia. Kule, walau baada ya watu kupiga kelele, mashahidi waliitwa, wakahojiwa na pande zote mbili, na ulimwengu mzima ukasikia. Na sisi je?

Na sasa Nyamongo

Turudi nyumbani, katika mwambao huu wa Ziwa Victoria. Nyamongo iko wilayani Tarime, mkoani Mara. Kabla kampuni kubwa haijafika, watu wa huko walikuwa wakichimba dhahabu kwa mikono yao. Mgodi wa North Mara ulianza uzalishaji mkubwa mwaka 2002, na mwaka 2006 ukaingia mikononi mwa kampuni ya Barrick ya Canada. Tangu hapo vijana wa vijiji vinavyouzunguka mgodi wamekuwa wakiingia kuokota mabaki ya mawe, yale ambayo wenzao wa Geita huyaita magwangala, ili wayasage na kupata chembe ya dhahabu. Wengine huingia kwa makundi, usiku na mchana. Hilo halina ubishi.

Tarehe 16 Mei 2011, polisi waliokuwa wakiulinda mgodi huo walifyatua risasi, na watu watano wakauawa. Maelezo ya kampuni yalitoka upesi: mamia ya wahalifu walikuwa wameingia kwenye rundo la mawe yenye dhahabu, wakawashambulia polisi kwa mapanga, mawe na nyundo. Kwa maneno mengine, polisi walijihami.

Hapa tunaomba msomaji atulie kidogo. Aliyefyatua risasi Nyamongo hakuwa mlowezi wala mjukuu wa Lord. Alikuwa askari Mtanzania, mweusi kama yule aliyelala chini. Wale ambao hoja yao yote ni rangi, hapa wanaishiwa na maneno, na kwa kweli wengi wao walinyamaza. Ilipokuwa bunduki ya Cholmondeley, Afrika Mashariki nzima ilitoa sauti. Ilipokuwa bunduki ya serikali yetu wenyewe, sauti ilipungua ikawa ya watu wa Tarime na wanasheria wachache.

Lakini je, ina maana kwamba rangi haikuwepo Nyamongo? Ilikuwepo, ila hukuweza kuiona kwa kumtazama aliyeshika bunduki. Mali iliyokuwa ikilindwa siku ile ni ya kampuni ambayo hisa zake zilikuwa zikiuzwa London. Baina ya kampuni na Jeshi la Polisi kulikuwa na makubaliano ya maandishi, ambayo kwayo kampuni ilichangia posho, chakula, malazi na mafuta ya magari ya askari wanaoulinda mgodi. Askari anayelipwa mshahara na umma, akaongezewa posho na mwenye mali, anapomuua mwananchi kwa ajili ya mali hiyo, je, ni mlinzi wa amani au ni mlinzi wa ghala? Hatumtukani askari huyo. Tunauliza swali ambalo kila hakimu mwadilifu angeliuliza.

Na hakimu huyo yuko wapi? Mwaka 2013 majeruhi na jamaa za waliouawa walifungua kesi katika Mahakama Kuu ya London dhidi ya kampuni. Mwaka 2015 kesi hiyo ilimalizwa kwa makubaliano nje ya mahakama, kampuni haikukiri kosa, na jaji hakutamka lolote juu ya risasi zile. Mwaka 2016 kamati iliyochunguza malalamiko ya wananchi wa eneo hilo, kwa mujibu wa taarifa zilizotolewa na mashirika ya haki za binadamu, ilipokea malalamiko ya vifo 65 na majeruhi 270 kutokana na nguvu za polisi mgodini. Malalamiko si hukumu, nasi hatuyafanyi kuwa hukumu. Lakini malalamiko ya vifo 65 yanataka majibu 65. Novemba 2022 wengine wakaenda Canada, jimbo la Ontario, kuishitaki kampuni mama. Novemba 2024 mahakama ya huko ikakataa kulisikiliza shauri, ikasema kwamba mahali panapofaa ni Tanzania.

Tafakari maana yake. Mtu wa Nyamongo amekwenda mpaka ng'ambo ya bahari kutafuta mtu wa kumsikiliza, na ng'ambo ya bahari akaambiwa: rudi kwenu, mahakama iko kwenu. Ni kweli, iko kwetu. Kwa miaka mingi mashauri makubwa ya Mara yalikuwa yakisikilizwa na Mahakama Kuu hapa Mwanza, na sasa Musoma nako kuna kanda yake. Majengo yapo, majaji wapo, sheria ipo. Kinachokosekana ni lile agizo dogo tu la kusema: kifo hiki nacho kiletwe kipimwe.

Sheria yetu inasemaje

Wengi hudhani kwamba sheria ya Tanzania ndiyo iliyo mbovu. Sivyo. Vifungu vya kujihami katika Sheria ya Kanuni ya Adhabu, vilivyoingizwa mwaka 1980 kama kifungu cha 18 hadi 18C, vimeandikwa kwa uadilifu kuliko wanavyodhani watu. Vinampa kila mtu haki ya kujitetea, kumtetea mwenzake, na kutetea mali yake au mali iliyo chini ya uangalizi wake, hata ikiwa ni ya mwajiri. Lakini vinasema pia kwamba nguvu inayoruhusiwa ni ile tu ya kiasi, inayohitajika kwa utetezi huo. Atakayezidisha atawajibika kwa kosa lililotokana na kuzidisha kwake, na ikiwa kuzidisha huko kumesababisha kifo, atakuwa ametenda kosa la kuua bila kukusudia. Na pale ambapo kujihami kunafika mpaka kuua, sheria inataka mtu awe ametenda kwa nia njema, na awe ameamini kwa dhati, kwa sababu za maana, kwamba kitendo chake kilikuwa cha lazima.

Angalia maneno haya: kiasi, lazima, sababu za maana. Kila moja ni swali linalodai ushahidi. Je, shambulio lilikuwepo kweli? Hatari ilikuwa mbele ya macho au ilidhaniwa tu? Kulikuwa na njia nyepesi kuliko risasi? Marehemu alipigwa akiwa anakuja au akiwa anakimbia? Risasi zilikoma hatari ilipokoma? Majibu ya maswali haya yamo katika mwili wa marehemu, katika maganda ya risasi na katika vinywa vya mashahidi. Hayamo katika taarifa kwa vyombo vya habari iliyoandikwa na upande uliofyatua.

Mafundisho ya fiqhi yanayofuatwa na wengi katika pwani na bara yetu hayako mbali na hapo. Mafakihi waliozungumzia kumzuia mshambuliaji waliweka daraja: anayeweza kuzuiwa kwa neno asipigwe, anayeweza kuzuiwa kwa mkono asipigwe fimbo, na anayeweza kuzuiwa kwa fimbo asiuawe. Aliyeruka daraja bila ya haja hubeba dhima ya alichokifanya. Wameafikiana hapo wanasheria wa bunge letu na mafakihi waliotangulia kwa mamia ya miaka: kujihami ni haki yenye mipaka, na mipaka hiyo haipimwi na mwenye kuvuka.

Jina linalotangulia uchunguzi

Kuna jambo lingine ambalo hupita bila kuangaliwa, nalo ni majina wanayopewa maiti. Soysambu waliuawa "majambazi" na "wawindaji haramu", na yule wa kwanza akaja kudhihirika kuwa mtumishi wa serikali. Florida aliuawa kijana "wa kutiliwa shaka", na alikuwa akitoka dukani. Nyamongo waliuawa "wavamizi". Mtu akishaitwa mvamizi, msikilizaji hana tena haja ya kuuliza alikuwa na panga au alikuwa na kiroba cha mawe. Jina limekwisha kumhukumu, na yeye hana ulimi wa kujibu.

Nchi yetu ilikwisha kuonyeshwa hatari ya majina haya. Januari 2006, jijini Dar es Salaam, polisi waliwaua wafanyabiashara watatu wa madini kutoka Mahenge pamoja na dereva wa teksi, wakatangaza kwamba wamewaua majambazi katika mapambano ya risasi. Lau mambo yangeishia katika tangazo lile, hao wanne wangezikwa na jina la ujambazi mpaka Siku ya Kiyama. Lakini jamaa zao walipiga kelele, Rais wa wakati huo, Jakaya Kikwete, akaunda tume chini ya Jaji Mussa Kipenka, na ukweli ukatoka: hawakuwa majambazi. Askari walishitakiwa. Mwaka 2009 Mahakama Kuu iliwaachia huru wote waliokuwa mbele yake. Mwaka 2016 Mahakama ya Rufani ilimtia hatiani ofisa mmoja kwa mauaji, na wengine ikawaacha huru. Unaweza kuridhika na matokeo hayo au usiridhike. Lakini mizani ilipandishwa, vitu vikapimwa mbele ya watu, na majina ya marehemu yakasafishwa. Waliopigania hilo hawakuwa na fedha za kampuni wala damu ya ukoo wa Lord. Walikuwa na sauti tu, nayo ikasikika.

Wanaotupinga

Tunajua watakaotujibu. Watasema: nyinyi mnawatetea wezi, na hamjui maisha ya askari anayekabiliwa na kundi lenye mapanga usiku. Tunajibu kwamba tunayajua. Mkoa wetu wa Mwanza ulimpoteza Kamanda wake wa Polisi, Liberatus Barlow, aliyeuawa kwa risasi jijini humu Oktoba 2012. Hatukufurahi, na hakuna mwenye akili aliyefurahi. Askari naye ana mama, na ana haki ya kurudi nyumbani akiwa hai. Lakini waliotuhumiwa kumuua walitafutwa, wakakamatwa, wakafikishwa mbele ya mahakama, kama ilivyopasa. Tunachouliza ni kwa nini kifo cha kamanda kinastahiki mahakama na kifo cha mwokota mawe hakistahiki hata uchunguzi wa hakimu.

Watasema pia: mgodi ni mali halali, na kuingia bila ruhusa ni kosa. Ni kosa, hatukatai. Lakini kosa hilo lina adhabu yake katika sheria, na adhabu hiyo si kifo. Hakuna jaji katika nchi hii awezaye kumnyonga mtu kwa kuiba jiwe. Vipi basi jambo ambalo jaji hana mamlaka ya kulifanya baada ya kusikiliza pande zote, alifanye askari kwa dakika moja, bila ya kusikiliza yeyote, kisha asiulizwe?

Watasema mwisho: kelele hizi zitawafukuza wawekezaji. Mwekezaji anayekimbia kwa kuwa hakimu amechunguza kifo cha mtu, mwekezaji huyo hakuja kwa ajili ya dhahabu peke yake. Alikuja kwa kuwa alidhani damu yetu ni rahisi. Aende.

Mizani iliyomo mikononi mwetu

Ingekuwa rahisi kuishia hapo, tukawanyooshea kidole walowezi, makampuni na askari, kisha tukalala. Lakini mizani mbili hazipo Soysambu na Nyamongo pekee. Zimo pia mitaani mwetu.

Katika miji ya mwambao huu, mtu akipigiwa yowe la "mwizi", mara ngapi kundi limemzunguka, likamvisha tairi, likammiminia mafuta? Taarifa za polisi na za Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu zimehesabu mamia ya watu waliouawa namna hiyo nchini katika mwaka mmoja, kwa miaka kadhaa. Wanaofanya hivyo nao wana neno lao: tunajilinda, polisi hawatusaidii. Ni lile lile neno la Cholmondeley, limevaa kandambili. Mtu aliyekwisha kufungwa kamba hamshambulii yeyote. Anayemchoma hakujihami, ameua. Na yule ambaye jioni anaipinga bunduki ya mgodi barazani, na asubuhi yake alibeba dumu la petroli, hoja yake imekufa kabla ya kutamkwa.

Kadhalika wapo miongoni mwa wasomaji wetu ambao huwaka moto wakikumbushwa Mwembechai, Februari 1998, Waislamu walipouawa kwa risasi za polisi jijini Dar es Salaam. Wana haki ya kuwaka. Lakini baadhi yao ukiwatajia Nyamongo huuliza kwanza: waliokufa ni wa dini gani, na kabila gani? Hilo ndilo swali la mlowezi, limebadilishwa mavazi tu. Yeye huuliza rangi, huyu anauliza dini, na wote wawili wanataka kujua kwanza aliyekufa ni nani kabla ya kuamua kama kifo chake ni kibaya. Anayetaka dunia iilie Mwembechai na ailie Nyamongo. Mwenyezi Mungu ameiharamisha damu ya mtu kuuawa bila ya haki, wala hakuweka sharti la ukoo.

Tunayoyadai

Kwa hiyo madai yetu ni haya, nayo si ya kundi moja.

Kwanza, kila kifo kinachotokana na bunduki ya askari au ya mlinzi wa kampuni kichunguzwe na hakimu, hadharani, jamaa za marehemu wakiwepo na wakiwa na haki ya kuuliza maswali. Hili halihitaji sheria mpya. Tangu mwaka 1980 nchi hii inayo Sheria ya Uchunguzi wa Vifo, inayomwezesha hakimu kuchunguza kifo cha ghafla au cha kuuawa. Iliandikwa ili itumike, na haikuandikwa ili ipambe kabati.

Pili, makubaliano yoyote baina ya mgodi na Jeshi la Polisi yawekwe wazi mbele ya Bunge na mbele ya wananchi wa eneo husika, na askari wa umma asipokee posho kutoka kwa mwenye mali anayoilinda. Anayelipwa na upande mmoja hawezi kuaminiwa na upande wa pili, hata akiwa mwema.

Tatu, wakuu wa polisi, wasemaji wa makampuni na waandishi wa habari wajizuie kuwaita marehemu majambazi au wavamizi kabla ya uchunguzi. Wamwite "mtu aliyeuawa". Jina hilo halimdhulumu yeyote.

Nne, maimamu, wachungaji, wazee wa sungusungu na wenyeviti wa mitaa wasimame pamoja dhidi ya kuchoma watu moto, na anayeshiriki katika jambo hilo ashitakiwe kwa mauaji kama muuaji mwingine yeyote.

Tano, tunawaomba wasomaji wetu wa Mwanza, Musoma, Bukoba na Tarime waliulize swali moja tu kila wanaposikia kwamba mtu ameuawa na aliyemuua alijihami. Wasiulize aliyeuawa ni wa rangi gani, wala aliyeua ni mkubwa kiasi gani. Waulize: neno hilo limepimwa na nani? Wakijibiwa kwamba limepimwa na yule yule aliyelisema, wasikubali.